Saa 24 za Le Mans: Ushindi Hupotelea Gari Likiwa Limesimama

Mabibi na mabwana, mafundi wa karakana, madereva, na ninyi vijana mnaosoma ufundi na uhandisi wa magari, hamjambo.

Juni 2008, huko Le Mans nchini Ufaransa, kwenye mbio za magari za saa 24, Peugeot walikuja na gari lao la 908, prototaipu (gari lililoundwa kwa ajili ya mbio tu) yenye injini ya dizeli. Siku ya kufuzu, yaani ya kugombea nafasi za kuanzia, Stéphane Sarrazin wa Peugeot alimaliza mzunguko kwa dakika 3 na sekunde 18.513. Audi R10 iliyomkaribia zaidi ilikuwa nyuma yake kwa sekunde 5 na ushee. Sekunde 5 kwa mzunguko mmoja! Mbio zenyewe zilikwenda mizunguko 381. Zidisheni, mtapata dakika 31 na zaidi. Kwa hesabu hiyo Audi hawakuwa na haja ya kushuka barabarani.

Lakini mwisho wa mbio, bendera ilipoteremshwa, mbele walikuwa Audi, na madereva wao Tom Kristensen, Rinaldo Capello na Allan McNish. Usiku ilinyesha mvua, na R10 ilikuwa imara zaidi kwenye maji. Lakini kulikuwa na jambo jingine dogo ambalo fundi yeyote aliyewahi kufungua gari lililochemka atalielewa mara moja: rejeta za Peugeot zilikuwa zikizibwa na vipande vya mpira vinavyoachwa barabarani na matairi. Rejeta ikiziba, joto linapanda. Joto likipanda, dereva anaitwa piti (mahali kando ya njia ambapo gari husimama kuhudumiwa), mafundi wanasafisha, na saa haisimami.

Hoja yangu leo ni hiyo. Mbio hizi huhesabiwa kwa saa, na gari lililosimama linapoteza muda kuliko gari linalokwenda polepole. Mwenye kasi zaidi anaweza kuwa wa tano. Aliyesimama kidogo kuliko wenzake ndiye wa kuogopwa.

Shikeni kalamu kidogo. Mzunguko wa Le Mans una urefu wa kilomita 13.626, sehemu kubwa ikiwa ni barabara za kawaida zinazofungwa kwa ajili ya mbio. Mwaka 2025 Ferrari 499P namba 83 ya timu ya AF Corse, iliyoendeshwa na Robert Kubica, Yifei Ye na Phil Hanson, ilimaliza mizunguko 387. Hizo ni takriban kilomita 5,273, kwa wastani wa karibu kilomita 220 kwa saa, na humo mmo kila dakika ya kujaza mafuta na kila kipindi cha gari la usalama, lile linaloongoza wote polepole kukiwa na hatari njiani, kimo ndani. Nyuma yake ilifika Porsche 963 namba 6. Tofauti ilikuwa sekunde 14.084. Zigawanyeni kwa mizunguko 387, mtaona kwamba kila mzunguko ulizaa tofauti ya chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa, magari ya madaraja tofauti hushindana kwa pamoja, na gari la daraja la juu kama hayo mawili hujaza mafuta kila baada ya mizunguko 12 hivi. Kwa siku nzima linaingia piti mara 30 na kitu. Timu ikichelewa nusu sekunde tu kila linapoingia, zile sekunde 14 zimekwisha. Na kwa upande wa pili, tuseme una gari linalomshinda mwenzako kwa sekunde nzima kila mzunguko. Hiyo ni kazi ya miaka ya wahandisi na fedha nyingi sana. Mwisho wa siku inakupa dakika 6 na sekunde 27. Ukilisukuma gari karakanani mara moja tu kwa dakika 7, kazi yote hiyo imeliwa.

Tueleze basi gari lenyewe. Prototaipu halitokani na gari la dukani. Linaundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mbio. Dereva anakaa ndani ya ganda la nyuzi za kaboni. Nyuma ya mgongo wake kuna injini, na injini ile mara nyingi haijawekwa juu ya fremu, yenyewe ndiyo fremu: imefungwa kwa bolti kwenye ganda, na giaboksi imefungwa nyuma ya injini, na springi na mikono ya magurudumu ya nyuma imefungwa kwenye giaboksi. Kwa kanuni za sasa gari la daraja la juu halipungui kilo 1,030 wala halipewi zaidi ya kilowati 500 hivi, sawa na nguvu za farasi 680. Mashine inaweza kuwa ndogo, kama V6 ya lita 3.0 yenye tabo mbili (vifaa vya kusukumia hewa ndani ya injini) kwenye Ferrari 499P, au kubwa kama V8 ya lita 5.5 ya Cadillac isiyo na tabo. Wasimamizi huyasawazisha magari kwa kuongeza uzito huku na kupunguza nguvu kule. Ndiyo maana siku hizi kasi tupu haikupeleki mbali.

Mpangilio huo wa injini na giaboksi una gharama yake. Giaboksi ikifa, huwezi kuichomoa peke yake, maana inabeba magurudumu. Lazima ufungue springi, shafti, breki, mipira ya mafuta ya haidroliki na nyaya zote. Kwa gari la kawaida la mbio hiyo ni kazi ya saa nzima au zaidi.

Audi walilitazama tatizo hilo kwa jicho la fundi. R8 yao, iliyoanza kushinda Le Mans mwaka 2000 kwa kuchukua nafasi zote tatu za mwanzo, iliundwa ili mkia wote utoke kwa mkupuo mmoja: giaboksi, springi, shafti na breki za nyuma vikiwa vimeshafungwa pamoja. Bolti zilikuwa chache na kubwa, zenye kufikika kwa urahisi. Mipira ya mafuta iliunganishwa kwa viungio vya kubofya ambavyo hujifunga vyenyewe bila kumwaga hata tone, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutoa hewa kwenye breki upya. Mkia mwingine mzima ulisubiri karakanani, umeshajazwa oili. Mafundi waliubadilisha kwa takriban dakika 5. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na huu ni ufundi ninaouheshimu kuliko rekodi yoyote ya kasi. Wasimamizi wa mbio nao waliona uzito wake: baadaye kanuni ilibadilishwa, ikawa ganda la giaboksi lililoanza mbio ndilo limalize.

Ford walikuwa wamepita njia hiyo mapema. GT40 Mk II ya mwaka 1966 ilikuwa na injini ya lita 7, nzito na yenye nguvu, na kila ilipofika mwisho wa mstari mrefu wa Mulsanne, yaani barabara iliyonyooka, diski za breki ziliwaka nyekundu. Chuma kinachopashwa na kupozwa ghafla namna hiyo hupasuka. Badala ya kutafuta diski ya kudumu saa 24, ambayo hawakuwa nayo, walitengeneza mfumo wa kubadilisha diski na pedi kwa haraka gari linapokuwa piti kwa mafuta. Walimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Breki za sasa ni za kaboni, na tabia yake ni nyingine kabisa. Zikiwa baridi hazishiki. Zikipata moto wa mamia ya nyuzi zinashika kwa nguvu ya kutisha, na zikizidi moto kaboni yenyewe inaungua na kuliwa na hewa. Kwa hiyo tundu la kupoza breki hufunguliwa au kuzibwa kulingana na hali ya hewa: usiku wa baridi au mvua, sehemu yake huzibwa. Fundi akisahau kuizibua asubuhi jua linapotoka, pedi zilizokuwa zifike mwisho hazitafika.

Twende piti, maana hapo ndipo pesa inapotoka na kuingia. Gari linaingia kwa kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa, na ukizidisha unaadhibiwa. Injini inazimwa kabla mpira wa mafuta haujaguswa. Dereva anayetoka amekwishalegeza mikanda, anatoa waya wa redio na mpira wa maji ya kunywa, anatoka na mto wake wa kiti ikiwa mwenzake ni mfupi au mrefu kuliko yeye. Anayeingia anafungwa mikanda na huyohuyo aliyetoka, kwa sababu ndiye anayejua mahali kila kitu kilipo. Gari lina jeki zake ndani: fundi anachomeka bomba la hewa yenye mgandamizo, na gari lote linanyanyuka. Kila gurudumu limeshikwa na nati moja tu ya katikati. Nati ikianza kuingia kombo uzi unaharibika, na hapo hubadilishi gurudumu, unabadilisha kitovu kizima cha gurudumu. Ndiyo maana fundi mzuri hushika nati kwa hisia nusu ya sekunde kabla ya kufyatua bunduki ya hewa. Magurudumu hayaruhusiwi kuzunguka kabla ya kugusa ardhi. Na kwa kuwa seti moja ya matairi inaweza kwenda zamu 3 hata 4 (zamu ni kipindi kati ya kujaza mafuta na kujaza tena), kuna mara nyingi ambapo jibu sahihi ni kutobadilisha kitu: mafuta, kioo kisafishwe, midomo ya rejeta itazamwe, gari liende.

Kuhusu tairi lililopasuka naomba tukae kidogo, maana hapo ndipo nimeona watu wakidhani ushujaa ni kukimbia. Mwaka 2017 Toyota TS050 namba 9 iligongwa na gari la daraja la chini ikapoteza tairi la nyuma. Dereva alijitahidi kulirudisha haraka. Tatizo ni kwamba mzunguko una kilomita 13 na zaidi. Tairi lililochanika likizunguka kwa kasi linakuwa mjeledi: linapiga mabomba ya haidroliki, linapiga nyaya, linang'oa maganda. Gari lile halikufika piti. Ukitembea taratibu unaweza kupoteza dakika 5, lakini unarudi na kitu cha kufungia tairi jipya.

Mbio hizo za 2017 ni darasa zima. Kamui Kobayashi wa Toyota alilipatia gari lake nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa rekodi ya dakika 3 na sekunde 14.791, na usiku akawa anaongoza. TS050 ilikuwa haibridi, yaani yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, na ilitoka piti kwa mota ya umeme peke yake, injini ikawashwa baada ya gari kushika mwendo. Klachi haikuundwa kuondoa gari kutoka mahali. Kobayashi alisimama kwenye taa nyekundu ya kutokea piti, mtu aliyevaa mavazi ya rangi akamwinulia dole gumba, naye akadhani ni msimamizi wa mbio. Kumbe alikuwa dereva wa timu nyingine aliyetaka kumtia moyo. Akaondoka, timu ikamwambia simama, akaondoka tena, akasimama tena, safari hizo akitumia injini na klachi. Klachi ikaungua. Gari lenye kasi kuliko yote siku ile likaishia kutambaa gizani na kuzimika.

Na Porsche 919 namba 2? Saa chache baada ya kuanza, mota yake ya umeme ya ekseli ya mbele ilikufa. Mafundi waliibadilisha, kazi iliyochukua zaidi ya saa moja, na gari likarudi barabarani karibu mkiani mwa magari yote. Hawakufunga milango. Toyota zikaharibika moja baada ya nyingine, kisha Porsche namba 1, iliyokuwa ikiongoza kwa mizunguko mingi, ikapoteza shinikizo la oili asubuhi. Gari la daraja la chini, Oreca namba 38, likawa mbele ya wote. Timo Bernhard, dereva wa Porsche namba 2, alilipita ikiwa imebaki kama saa moja. Porsche namba 2 ilishinda ikiwa na mizunguko 367, na hiyo Oreca ilikuwa na 366. Mtaniuliza: si umesema saa moja karakanani ni kifo? Ndiyo, lakini siku ile kila mwenzake wa daraja la juu alisimama zaidi.

Kuna namna ya kusimama ambayo haitokani na kuharibika, nayo ni kukosa mafuta. Zamani za daraja la Group C, lililoanza 1982, kanuni ilikuwa tanki la lita 100 na lita 600 kwa kilomita 1,000. Ukitaka nguvu, chukua, lakini utazilipia baadaye. Mwaka 1988 Klaus Ludwig, katika Porsche 962 ya kiwanda, alijaribu kuvuta mzunguko mmoja zaidi, tanki likakauka, akarudi piti kwa kujikongoja. Gari hilo lilimaliza la pili, kwenye mzunguko uleule na Jaguar XJR-9 iliyoshinda. Na ile Jaguar, ajabu yake, Jan Lammers aliimalizia bila kubadilisha gia, kwa kuwa giaboksi ilikuwa inakufa naye aliogopa kuigusa. Injini ya V12 ya lita 7 ilikuwa na nguvu ya kutosha chini kuvumilia hivyo. Tabo ndogo isingeweza.

Siku hizi hawapimi lita, wanapima nishati. Kwenye shafti za magurudumu kuna sensa zinazosoma nguvu ya kuzungusha, na kila zamu ina kiwango chake cha megajuli. Dereva anayejua kazi huinua mguu mapema kabla ya kona, anaacha gari liteleze, kisha anashika breki. Anapoteza kidogo sana mwisho wa mstari mrefu, anapata mzunguko mzima wa ziada mwisho wa zamu. Ferrari namba 50 ilishinda 2024 namna hiyo. Mlango wa kulia ulikuwa ukipigapiga, wasimamizi wakaliamuru gari liingie piti ufungwe, na kusimama huko nje ya ratiba kukavuruga mahesabu yote ya mafuta. Nicklas Nielsen alibeba zamu ya mwisho kwenye njia yenye maji, akafika akiwa na asilimia 2 ya nishati, sekunde 14.221 mbele ya Toyota.

Dereva naye ana kipimo chake: hazidi saa 4 ndani ya saa 6 zozote, wala saa 14 kwa jumla. Mwaka 1991 Johnny Herbert alimaliza ndani ya Mazda 787B, gari pekee lenye injini ya rota (isiyo na pistoni za kupanda na kushuka) kushinda pale, akiwa amekaukiwa maji kiasi cha kushindwa kupanda jukwaani. Gari lake halikuwa la kasi kuliko yote. Lilikuwa na kilo 830 wakati wapinzani walilazimishwa kubeba 1,000, na lilikwenda bila matatizo hadi Mercedes iliyokuwa ikiongoza ikachemka.

Nimebakisha Toyota ya 2016. Kazuki Nakajima alikuwa anaongoza. Zilibaki dakika 3 na kidogo katika saa 24. Gari likapoteza nguvu, likaja kusimama kwenye mstari mkuu, mbele ya piti yao wenyewe. Kilichoharibika ni kiunganishi kwenye bomba la hewa kati ya tabo na intakula, yaani kipoza hewa ya injini. Bomba la hewa! Hewa ikavuja, tabo ikakosa udhibiti. Timu ilibadilisha mipangilio ya kompyuta na gari likaamka, lakini mzunguko ule wa mwisho ulichukua dakika 11 na sekunde 53, na kanuni inataka wa mwisho usizidi dakika 6. Hawakuandikwa hata wa pili. Porsche wakachukua kombe.

Timu hiyo ya Toyota makao yake ni Cologne, Ujerumani, na wazee wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisimama kando ya barabara za Safari Rally wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Mwanzilishi wake, Ove Andersson, alishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Kisha timu yake ya Cologne ikaleta Celica za tabo, zikashinda 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya akashinda kwa Celica pia. Safari ya zama hizo iliwafunza watu wale kitu kilekile kinachotakiwa Le Mans: kubeba kipuri sahihi, kuweka fundi mahali sahihi, na kujua kabla ya kuondoka ni kitu gani kitavunjika.

Baada ya 2016 na 2017 walirudi kwenye mazoezi kwa namna nyingine. Waliacha kufanya majaribio ya gari zima pekee, wakaanza kumpa dereva gari bovu kwa makusudi: hitilafu asiyoijua, kompyuta inayogoma, hata gari lenye magurudumu matatu ili ajifunze kulirudisha piti. Kila hitilafu ikawa na hatua zake, na dereva akazishika kichwani.

Mwaka 2018 Porsche walikuwa wameshaondoka, na ni haki kulisema hilo. Toyota namba 8 ilikwenda mizunguko 388, mbele ya ndugu yake namba 7 kwa mizunguko miwili. Fernando Alonso na Sébastien Buemi walishafanya zamu zao. Aliyekuwa ndani ya gari bendera ilipoteremka, akipita mbele ya piti ileile, ni Kazuki Nakajima.

Sasa nayasubiri maswali yenu, na wenye la giaboksi waanze.